Foto yenye ukungu haina mashahidi: maneno kwa vijana wanaobeba kamera barabarani

Maneno haya yalitolewa mbele ya vijana wa kundi letu wanaopiga foto, hapa Butembo. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, juu wengi waliokosa kufika wameyaomba.

Najua wengine mumetembea kwa miguu toka Furu, juu mvua ikinyesha wamotari wanapandisha bei. Leo sitaongea sana juu ya siasa. Nitaongea juu ya kamera. Lakini mutaona mbele kidogo kwamba hatujaenda mbali na siasa.

Nianze na aibu yangu. Siku moja tulikuwa na marshi juu ya barabara. Tulikuwa na kaliko moja kubwa nyeupe, herufi nyeusi. Tulipokaribia soko, watu wa usalama wakatuzuia. Mmoja akainua fimbo, akampiga ndugu yetu mgongoni mara tatu. Mimi nilikuwa mita 4 tu toka pale. Kamera mkononi, batri imejaa, kadi iko na nafasi. Nilipiga foto 31.

Mangaribi nikazifungua kwenye ordinateri. Katika zote 31 kaliko letu iko neti, kila herufi inasomeka, hata mshono wa kitambaa unaonekana. Anayepiga na anayepigwa, wote wawili ni ukungu. Tulipopeleka malalamiko, mtu aliyetupokea aliangalia zile foto dakika moja, akazirudisha, akasema: "Huyu anaweza kuwa mtu yeyote." Sikuwa na jibu, juu alisema kweli. Ndugu yetu alilala kwa tumbo zaidi ya wiki moja, na mimi niliyekuwa karibu kuliko wote sikuwa na hata foto moja ya kumsaidia.

Kwa miezi mingi nilisema kamera ni mbovu. Ni kamera ya mkono wa pili, niliinunua kisha kumaliza masomo, nikitumaini ndoa na ubatizo vitanipa feza wakati kazi ya diplome haionekani. Nilitaka kuiuza. Kabla ya kuiuza nikakaa nayo, nikajaribu kitu kimoja kimoja. Nikagundua kwamba siku ile kamera ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Mimi njo sikuiambia iangalie nini.

Hilo njo neno langu la leo: otofokasi haijui habari yako. Inachagua kitu cha kuonyesha neti. Usipochagua wewe, itachagua yenyewe.

Kamera inaona nini

Kamera haijui fimbo, haijui uonevu. Otofokasi inatafuta mahali penye tofauti ya wazi kati ya mweusi na mweupe: pembe ya dirisha, herufi, mistari ya kitenge. Ukuta mweupe mtupu au mbingu ya mawingu haviipe kitu cha kushika. Hapo lenzi inaenda mbele, inarudi nyuma, inalialia bila kusimama.

Na ukiiachia pointi zote wazi, kamera nyingi zinapenda kitu kilicho karibu zaidi. Sasa rudi kwenye marshi yetu. Kaliko ilikuwa mita 2 toka kwangu, kando kidogo, nyeusi juu ya nyeupe. Fimbo ilikuwa mita 4. Wewe ungekuwa kamera, ungechagua nini?

Kamera mpya na telefone za leo zinatambua sura za watu. Ni vizuri, lakini katikati ya watu 200 itachagua sura moja, na hakuna aliyekuambia itakuwa ile unayotaka.

Kwanza jua ukungu wako ni wa aina gani

Daktari hatoi dawa kabla ya kuuliza unaumwa wapi. Fungua foto, ikuze mpaka uone vizuri, kisha jiulize.

Je, kuna kitu kingine ndani ya foto kilicho neti? Majani nyuma, moto mbele, kaliko? Kama kiko, otofokasi ilifanya kazi, ila iliangukia mahali pabaya. Huo ulikuwa ugonjwa wangu.

Je, vitu vyote vimevutwa upande mmoja, kama umepitisha kidole juu ya rangi mbichi? Huo ni mkono wako uliotikisika, otofokasi haina kosa.

Je, nyumba ziko neti lakini mtu anayetembea amevutwa? Vitesi ilikuwa ndogo. Kwa mtu anayetembea anza na 1/250. Kwa mtu anayekimbia au moto inayopita, 1/500 mpaka 1/1000. Kama ni giza, pandisha ISO. Foto yenye chembechembe inasomeka, foto iliyovutwa haisomeki.

Je, yote iko kama maziwa, na taa ziko na duara kubwa? Kioo ni kichafu.

Na swali la mwisho, ambalo wengi wanalisahau: je, unaangalia foto ya asili ao ile iliyopita kwenye WhatsApp? Ukituma foto kama kawaida, inapunguzwa, na sura ndogo zinavunjika. Nimeona ndugu mmoja anatukana kamera yake bure, kumbe foto ya asili ilikuwa safi. Foto ya ushahidi itume kama dokima, na ile ya asili usiifute.

Dawa, kuanzia ile isiyo na bei

Moja, kioo. Munajua vumbi yetu ya kiangazi, na munajua matope ya mvua. Usipanguse lenzi na shati. Vumbi ni mchanga mdogomdogo, inakwaruza. Kwanza puliza na ile mpira ya kubonyeza ambayo mama zetu wanawekea watoto lavema (nunua mpya, tafadhali!), kisha pangusa polepole na kitambaa cha miwani. Ukitoa lenzi, utaona alama ndogo za chuma rangi ya zahabu. Kwa njia ya zile lenzi na kamera vinaongea. Zikiwa na uchafu, otofokasi inakufa na kurudi bila sababu. Zima kamera, zipanguse na kitambaa kikavu.

Mbili, kale kaswichi kaliko kando ya lenzi, AF na MF. Ndani ya sakoshi kanasukumwa kenyewe. Ukitoka nyumbani, gusa kaswichi kwa kidole hata bila kuangalia.

Tatu, umbali. Lenzi nyingi za 18-55 hazioni kitu kilicho karibu kuliko kama sentimita 25. Ukitaka kupiga foto ya karatasi ya kodi ambayo mama wa soko amepewa, usiipeleke puani mwa kamera. Rudi nyuma kidogo.

Ine, pointi. Hii njo ingeniokoa. Ingia ndani ya meni, toa zile pointi zote za otomatiki, chagua pointi moja, ya katikati. Katika kamera nyingi za bei ya chini, hiyo ya katikati njo yenye nguvu kuliko zote. Iweke juu ya kitu unachotaka kionekane. Bonyeza kitufe nusu, ngoja mlio au taa ya kijani, kisha maliza kubonyeza. Watu wengi wanabonyeza yote mara moja kama wanapiga nzi. Kamera haikupewa wakati wa kutafuta.

Tano, kusimama au kufuata. Kwenye Canon munaona One Shot na AI Servo. Kwenye Nikon munaona AF-S na AF-C. Ile ya kwanza inafunga umbali mara moja na inaushikilia: nzuri kwa mama aliyeketi na ndizi zake, kwa shimo la barabara, kwa mtu anayetoa neno. Ndani ya modi hii, kamera isipopata kitu inakataa kupiga. Usiseme imekufa, inakuambia "bado sijaona". Ile ya pili inafuata kitu kinachotembea, kwa muda wote kidole chako kinabonyeza nusu. Hiyo ni ya marshi, ya watu wanaokimbia. Lakini jihazari: mara nyingi modi ya kufuata inakubali kupiga hata kama haijafika neti. Na ukiisogeza pointi toka kwa mtu, itafuata kile kingine. Kaa naye.

Sita, giza. Mangaribi otofokasi inachoka. Itafutie mpaka kati ya mwangaza na giza: kola ya shati, ukingo wa kofia, taa ya moto. Na kuna kataa kadogo ambako kamera inawasha yenyewe ili ione vizuri. Kazime ndani ya meni. Usiku, kati ya watu walio na hasira, kataa kale kanasema "niko hapa" kabla hujapiga hata foto moja.

Wakati otofokasi haitoshi

Kuna wakati hakuna nafasi ya kuchagua pointi. Watu wanakimbia, unasukumwa, kamera iko kifuani. Hapo fanya vile wapiga foto wa barabarani walivyofanya kabla otofokasi haijazaliwa: weka umbali mbele ya wakati, zima otofokasi, piga.

Kwenye lenzi ya 18-55 iliyo kwenye kamera za kawaida tunazonunua, iweke kwenye 18, diyafragma 8. Chagua kitu kilicho kama mita 2 na nusu, hatua 3 kubwa. Acha otofokasi ikione, kisha sukuma kaswichi kwenye MF na usiguse tena duara ya lenzi. Sasa kila kitu toka kama mita 1 na nusu mpaka mwisho wa barabara kitatoka kinasomeka.

Linganisha na vile nilivyofanya siku ile. Nilivuta mpaka 55, diyafragma 5.6. Kwa mita 3, kwa mipangilio hiyo, sehemu iliyo neti ni kama sentimita 60 tu, mbele na nyuma ukijumlisha. Ni urefu wa mkono. Nilifikiri kuvuta njo kuona vizuri zaidi, kumbe nilikuwa napunguza nafasi ya kupata. Kwa hiyo, kama unaweza kukaribia bila hatari, karibia na utumie 18. Kama ni hatari, baki mbali. Hakuna foto inayolipa mgongo wako.

Mukinunua ya mkono wa pili

Musitoe feza kabla ya jaribio hili. Weka kamera juu ya meza, isitikisike. Mbele yake lalisha gazeti kwa mshazari, mstari mmoja utiwe alama na kalamu. Diyafragma iwe wazi kabisa. Elekeza pointi ya katikati kwenye ule mstari, piga ukiangalia kwa tundu la jicho. Kisha piga tena ukiangalia kwa ekrani ya nyuma. Linganisha. Kama ya ekrani iko neti lakini ya tundu inaangukia kila mara mistari ya mbele, ao kila mara mistari ya nyuma, ujue otofokasi ya kioo imepotoka. Kamera za reflex ziko na njia 2 tofauti za kutafuta, njo maana moja inaweza kudanganya na nyingine inasema kweli. Kuna modeli zinazokubali kurekebishwa ndani ya meni. Zingine zinahitaji fundi. Mukiwa nayo tayari, tumieni ekrani wakati munangoja.

Na jambo lingine linalokula feza za vijana: Nikon nyingi za bei ya chini, kama D3100, D3200 ao D5100, hazina mota ya otofokasi ndani ya mwili. Zinahitaji lenzi yenye mota yake. Angalia kama juu ya lenzi kumeandikwa AF-S. Lenzi ya zamani yenye AF peke yake itaingia, itapiga, lakini haitajitafutia kitu. Muuzaji atakuambia "inatembea". Iwashe mbele yake. Na musichanganye: herufi hizohizo AF-S zikiwa ndani ya meni ni ile modi ya kusimama niliyoongea.

Kwa wenye telefone tu

Wengi wetu tuko na telefone, na hakuna aibu. Foto nyingi za kazi yetu zimetoka ndani ya telefone. Pangusa kioo cha nyuma, juu kinakaa mfukoni na mafuta ya vidole. Kama kile kipande cha kioo kinacholinda kamera kimepasuka, hapo njo ukungu unatoka, na fundi anaweza kukibadilisha bila kubadilisha kamera yenyewe. Gusa ekrani mahali unapotaka. Kwenye telefone nyingi, ukigusa na kuacha kidole muda kidogo, umbali unafungwa, hata mtu akipita mbele hauhami. Na usivute na vidole: huko mara nyingi telefone inakata tu foto na kuikuza. Songea na miguu.

Nani anastahili kuwa neti

Sasa nimalize na aibu yangu ya pili, juu ya kwanza haikutosha.

Kisha kujifunza yote haya, nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata silaha. Nikaenda sokoni. Nikapiga foto ya mama mmoja anayebishana na watoza kodi wawili. Pointi ya katikati, juu ya uso wake, 1/250. Ilikuwa foto nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Hata jasho lilionekana. Niliitia kwenye mtandao siku ileile. Kisha siku chache yule mama akanitafuta. Wale watu walirudi kwenye meza yake na foto ndani ya telefone. Aliniambia: "Mtoto yangu, ulinipiga foto mimi. Kwa nini hukuwapiga wao?"

Nilikuwa na jibu la ufundi: wao walikuwa wamenigeuzia mgongo. Sikulitoa. Nilifuta foto, lakini tayari ilikuwa imetembea.

Foto ya kwanza ilificha mwenye kosa. Ya pili ilimwonyesha asiye na kosa. Mara zote mbili kamera ilifanya kazi. Mimi njo sikujiuliza kabla: ndani ya hii habari, ni nani na ni nini vinastahili kuonekana?

Kwa hiyo, kabla ya kidole, swali. Kama ni barabara mbovu, pointi iwe juu ya shimo na kitu kinachoonyesha ukubwa wake: gurudumu, mguu. Kama ni kituo cha afya bila dawa, pointi iwe juu ya etajeri tupu. Mgonjwa anaweza kubaki ukungu nyuma. Kama ni mtu mwenye kazi ya serkali anayefanya mabaya hazarani, pointi iwe juu ya tendo: mkono, fimbo, namba ya gari, na sura kama inawezekana. Kama ni mtoto, ao mama anayerudi kesho palepale, muombe ruhusa ao upige mikono yake.

Lakini musitegemee ukungu wa lenzi peke yake kwa kulinda mtu. Aliyemzoea mama yake atamtambua kwa kitenge. Mukitaka kuficha sura, wekeni rangi nyeusi kabisa juu yake, juu ule ukungu wa programu mara zingine unaweza kutolewa. Fanyeni hivyo kwenye kopi. Ya asili ibaki salama mahali pawili.

Na mukiulizwa kwa nini munapiga foto, muwe na jibu. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 23, inataja picha pamoja na maneno na maandiko kama njia ya raia ya kutoa mawazo yake, kwa kuheshimu sheria, utaratibu na adabu. Kifungu cha 26 kinalinda uhuru wa kuandamana. Vijueni kwa kichwa. Havizuie fimbo, lakini vinaonyesha ni nani anayevunja sheria siku hiyo.

Kazi ya nyumbani ni hii. Wiki hii kila mmoja apige foto 10 kwenye barabara ya kwake: kaniveau iliyoziba, robine isiyotoa maji, nguzo bila taa. Kwa kila foto aandike mstari mmoja: nilitaka nini kionekane, na ni nini kilichoonekana. Siku ya posho ijayo tutaketi pamoja, tuzikuze, tuambiane ukweli bila kuchekana.

Ndugu yetu wa siku ile yuko hapa, ameketi kule nyuma. Yeye mwenyewe njo aliniambia nikubali kuwaongelea. Alisema: "Wafundishe, ili mwingine akipigwa, asiambiwe ni mtu yeyote."

Pangusa kioo, chagua pointi, na tuonane barabarani.